Kufa Bila Kuguswa

Mwezi uliopita tulikwenda Sydenham, mtaa mwingine wa hapa Durban, kwenye sherehe ya ubatizo, na mtu wa kwanza kuniita kwa sauti pale mlangoni alikuwa Dieumerci. Sikuwa nimemwona kwa miaka saba. Amenenepa. Alivaa suti ya bluu na viatu vyenye ncha, akanikumbatia kama vile hatukuachana vibaya. "Mama Neema! Weye hauzeeki!" Halafu akawageukia wenzake wa mezani, akawaambia huku ameshika tumbo kwa kicheko kwamba mwaka ule tulioishi pamoja Umbilo ulikuwa mwaka wa raha, mwaka wa mpira wa Kimarekani, mwaka ambao bwana yangu "alikufa, akafufuka." Watu wakacheka. Fiston, mume wangu, naye akacheka kidogo, akiangalia sahani yake. Mimi nilikuwa nimembeba mtoto wa pili mgongoni, kwa hiyo mikono yangu ilikuwa huru, na sijui ni nini kilichonizuia nisimmwagie juisi kwenye ile suti. Nilimwambia, "Wewe ulicheka. Mimi sikucheka." Akasema, "Eish, mama, ungali na hasira?" Ndiyo, ningali nayo. Na kwa kuwa kila mtu anaisimulia habari hii anavyotaka, mimi naiandika ilivyokuwa.

Tulitoka wapi na tulifikaje Durban, hayo nayaacha. Nilikuwa na miaka ishirini, Neema alikuwa na miezi minne, na tulikaa ghorofa ya tatu kwenye jengo ambalo lifti yake ilikuwa imegeuzwa stoo ya baiskeli. Tulikuwa na chumba kimoja na sebule. Chumba kilikuwa chetu. Sebule tuliigawa kwa pazia la maua, na nyuma ya pazia alilala Dieumerci, rafiki wa Fiston tangu utoto, aliyekuja kwa wiki mbili akakaa mwaka. Jikoni ilikuwa kona tu yenye sinki na jiko la umeme la sahani mbili. Ukisimama pale ukiosha chupa za mtoto, ulimsikia mtu wa nyuma ya pazia akimeza mate. Nasema haya kwa sababu karibu yote niliyoyajua mwaka ule niliyasikia kupitia pazia lile, au juu ya meza ya chakula wakati nagawa mboga. Hakuna mtu aliyeniketisha akaniambia jambo. Nilikuwa mama wa nyumba, na mama wa nyumba anadhaniwa hasikii kwa sababu maji yanatiririka.

Mpira wenyewe uliletwa na Kocha Sipho, Mzulu mrefu mwenye sauti ya chini, dereva wa lori la mikate. Ujanani alisoma miaka miwili kwenye chuo kimoja Marekani, akacheza huko mpaka goti likamshinda. Jumapili baada ya ibada aliwakusanya vijana kwenye uwanja wa shule karibu na kwetu. Wengi walikuwa Wakongomani wa saluni na wa maduka ya simu, na Fiston alikuwa mmoja wao, fundi wa vioo vya simu vilivyopasuka. Watu wa jengo letu walidhani ni raga. Mama mmoja wa ghorofa ya kwanza kila Jumapili aliwaaga kwa kusema, "Haya, nendeni mkavunje shingo, tutawaletea maua." Kofia za kinga zilikuwa kumi na tatu kwa watu zaidi ya ishirini. Anayetoka alimvisha anayeingia, na jasho lake humohumo. Siku ya kwanza niliyokwenda kutazama, kocha alinisalimia, "Unjani, sisi?" Kwa Kizulu hiyo sisi ni dada. Lakini sikio langu lilisikia Kiswahili, sisi, kana kwamba mimi na yeye tulikuwa upande mmoja. Nilimpenda kwa kosa hilo, na nikaendelea kumsikia hivyo hata baada ya kujua.

Sheria nilijifunza mezani bila kutaka. Kocha alifundisha sheria za vyuo, maana ndizo alizozicheza. Dieumerci alijifunza kwenye simu, akitazama mechi za wachezaji wa kulipwa, na sheria zao hazifanani zote. Basi kila jioni, bugali katikati, sombe ya majani ya muhogo pembeni, samaki wakiwepo, Fiston na Dieumerci walikuwa wanagombana, Fiston upande wa kocha. Nakumbuka Fiston amechora mstari wa chumvi juu ya plastiki ya meza, anatembeza vidole viwili kama miguu ya mtu anayedaka mpira ukingoni mwa uwanja.

"Mguu moya ndani, njo basi. Umeshika." Njo kwetu ni ndiyo.

"Kwa batoto ba chuo," Dieumerci alisema mdomo umejaa. "Kwa ba-pro, migulu yote mbili."

"Kocha amesema moya."

"Kocha alicheza chuo, papa. Walimulipa? Hawakumulipa. Mguu moya ni ya watu wa bure."

"Hiyo chumvi ni yangu," nilisema mimi.

"Pardon, mama," wakajibu pamoja, na wakahamia kwenye goti. Goti ndilo lililokuwa kubwa. Kwenye sheria za vyuo, mwenye mpira akianguka na goti likagusa chini, kwisha, mchezo unasimama, hata kama ameteleza mwenyewe na hakuna mtu karibu. Kwa wale wa kulipwa, aliyeteleza bila kuguswa na adui bado anaendelea. Anaweza kusimama akakimbia. Na kwa kuwa anaweza kusimama, adui naye ana haki ya kumfikia. Dieumerci aliipenda hii kuliko zote. "Njo mupira ya wanaume! Ukianguka, amuka! Nani amekugusa? Hakuna!" Fiston akamjibu kwamba wale wa vyuo wana akili, wanajua mtu akianguka amechoka. Tulicheka, hapo nami nilicheka, nakiri. Halafu nikauliza swali langu la kwanza kuhusu mpira. "Na mtu akikupiga kichwani?" Fiston akaeleza kwa upole, kama mwalimu, kwamba kwenye vyuo anayemlenga mwenzake kichwani anatolewa nje ya mechi. Kwa wa kulipwa anaweza kubaki uwanjani, timu yake inarudishwa nyuma yadi kumi na tano. "Na Umbilo?" nikauliza. "Umbilo," Dieumerci alisema, "anaomba pardon." Wakacheka tena. Nikaondoa sahani.

Kuna neno ambalo lazima nilieleze, maana bila neno hilo hamtanielewa. Kila filimbi ilipolia, Kocha Sipho alipiga kelele kwa Kiingereza kwamba mpira umekufa. Vijana wetu wakalichukua neno wakalifanya la kwao, ila hawakusema mpira. Walisema mtu. Goti likigusa nyasi tu, wote kwa pamoja, "Amekufa!" Ni kama watoto wanaocheza rede: mpira ukikugusa umekufa, unatoka, unakwenda kunywa maji. Jumapili nzima ilikuwa amekufa, amekufa, na wafu wanaamka wanajipangusa magoti. Dieumerci kwa ubishi alikuwa anaongeza, "Hajakufa, hajaguswa!" na wenzake wanamzomea. Neema alishtuka mgongoni kwangu mara za kwanza, halafu akazoea. Mimi sikuzoea.

Mechi ya kwanza ya kweli ilikuwa na vijana wa Sydenham, mwezi wa nane, siku ya upepo. Kocha hakuwepo, kazi ya mikate ilimwita. Dieumerci ndiye alikuwa nahodha. Refa alikuwa mwalimu wa michezo wa kuazimwa na filimbi yake, mtu wa raga, akawauliza manahodha wanacheza sheria zipi. Nahodha wa Sydenham akasema, kama kwenye televisheni, yaani zile za wa kulipwa. Na Dieumerci akasema, "Sharp," yaani sawa. Neno moja. Mimi wakati huo sikulisikia. Nilikuwa ukingoni napigana na upepo na kitenge, kinafunguka, mtoto anateleza, nikamwita Fiston aje amshike Neema kidogo. Alikuja akimbembeleza huku kofia iko kwenye kiwiko, akamwimbia, akanirudishia. Dakika mbili, labda tatu. Hizo dakika nimezipima maisha yangu yote ya ndoa.

Mechi haikuwa imekwenda mbali. Fiston alidaka mpira vizuri sana, upande wetu wakashangilia, akageuka kukimbia, akateleza pale nyasi zilipokuwa zimekwisha. Goti likagusa chini. Hakuna mtu aliyekuwa karibu naye. Akafanya alivyozoea Jumapili zote: akakaa, akaweka mpira mapajani, akafungua kamba ya kidevu ili ampe kofia kijana aliyekuwa anangoja zamu. Kofia ilikuwa imeshapanda juu ya masikio. Na yule kijana wa Sydenham alikuwa anakuja kwa mbio, kichwa chini, kwa sababu filimbi haikulia. Sijamlaumu huyo kijana hata siku moja. Kwa sheria yake Fiston alikuwa hai.

Sauti ile sitaifananisha na kitu. Kofia ilikwenda upande mmoja, Fiston akalala upande wa pili, mkono mmoja umenyooka juu kama mtu anayeomba ruhusa darasani, na haushuki. Halafu nikamwona Dieumerci anatoka mwisho wa uwanja anapunga mikono, anapiga kelele kwa refa, "Amekufa! Amekufa! Refa, amekufa huyu!" Na wenzake wote wakaitikia, "Amekufa!" Sasa najua alichokuwa anasema. Yeye, aliyebishana mwaka mzima, siku ile ndiyo alitaka sheria ya chuo: mchezo ulikuwa umeshasimama, kijana wa Sydenham amevunja sheria. Alikuwa anadai yadi. Lakini mimi nilisikia Kiswahili. Nilisikia wanaume ishirini wananiambia mume wangu amekufa. Nikakaa kwenye nyasi na mtoto mgongoni, na mambo niliyofikiria ni ya aibu: kwamba maharage niliyaacha jikoni kwenye maji, na kwamba sina nguo nyeusi. Mtu alipokuja kuninyanyua na kusema, "Mama, iko macho, iko anaongea," nilimpiga kofi. Sijui hata alikuwa nani.

Alikuwa anaongea kweli. Alikuwa anauliza, "Nani ameshinda?" Wakamjibu mechi haijaisha. Akafunga macho, akafungua, akauliza, "Nani ameshinda?" Ndani ya gari aliuliza tena. Kwenye foleni ya hospitali aliuliza tena, kwa sauti ileile, kwa adabu ileile, kama mtu anayeuliza njia. Nesi wa zamu, mwanamke mnene mwenye miwani, alinitazama mimi na siyo yeye. Alisema picha haionyeshi damu, tumshukuru Mungu, lakini ubongo umetikiswa. Apumzike mpaka kichwa kiache kuuma kabisa na kumbukumbu irudi sawasawa. "Akigongwa tena kabla hii haijapona," alisema, "utakuja hapa naye, utarudi nyumbani peke yako. Umenielewa, dada?" Nilimwelewa. Hakuna mtu aliyewahi kusema nami wazi hivyo, na mpaka leo ningemtambua kwa mgongo wake tu.

Wiki zilizofuata niliishi na mtu anayefanana na mume wangu. Alikaa sebuleni mapazia ya dirisha yamefungwa, kwa sababu mwanga ulimchoma. Aliweka chumvi kwenye chai. Alimwita Neema kwa jina la dada yake. Kazini alifungua simu ya mteja akasahau skrubu zinarudi wapi, yeye ambaye alizifunga akiwa anatazama mpira. Nikimuuliza kama kichwa kinauma, anajibu, "Kidogo tu, mama." Halafu namwona ameegemea ukuta wa bafuni, paji la uso kwenye vigae, kwa ajili ya baridi. Mimi nilimpa uji, nilimpa supu ya samaki, nilinyamaza. Nilijiambia muda utapita. Na wao walikuwa wanahesabu muda pia, kwa sababu zao wenyewe: mechi ya marudiano na Sydenham ilipangwa baada ya wiki sita, na Fiston ndiye mdakaji pekee waliyekuwa naye.

Siku moja mteja wangu wa kusuka hakuja, nikarudi nyumbani mchana mapema. Neema alikuwa amelala mgongoni. Sikusema hodi. Nikaweka mfuko wa nyanya kwenye sinki taratibu, na nyuma ya pazia nikasikia sauti ya Dieumerci, nyororo, kama katekista.

"Kocha atakuuliza miezi kwa kurudi nyuma. Njo test yao. Sema. December."

"December," Fiston akasema. "November. October. September." Kimya. "September."

"August."

"August."

"Anza tena. Usifikirie, imba tu. Kama wimbo."

"December, November, October, September." Akakwama palepale. "Dieumerci, iko kichwa inaniuma."

"Hiyo usimwambie kocha. Na bibi yako usimwambie. Weye tu njo ulikosa kusikia sheria siku ile. Mi niliwaambia wote, tunacheza ya televisheni. We ulikuwa kule, unabeba mtoto."

"Najua," Fiston akasema. "Ni makosa yangu."

Nilisimama na nyanya. Kitu kilichonitisha zaidi, sitadanganya, hakikuwa miezi. Kilikuwa kujua kwamba nilimwita mimi. Ningeweza kuvuta lile pazia na kulirarua. Lakini ningesema nini? Dieumerci angeleta dakika zangu mbili mezani, na Fiston angenitetea, na wakinitetea wanaume hawa basi nimeshanyamazishwa. Nikarudi nje, nikafunga mlango, nikaufungua tena kwa kelele. "Mko?" "Tuko, mama. Karibu." Nikakata vitunguu. Nililia na hakuna aliyeuliza, vitunguu vilikuwepo.

Jumapili ya marudiano nilifika uwanjani kabla yao. Kocha Sipho alikuwa anapanga kofia kwenye nyasi. Nilimwambia kwa Kiingereza changu cha shule, bila salamu, "Usimuulize miezi. Amekariri." Aliacha kofia aliyoshika. "Nimuulize nini basi, sisi?" Nilikuwa nimefikiria wiki nzima, nikiosha chupa, nikisuka vichwa vya watu. "Muulize ile ya goti," nilisema. Kama kuna kitu ambacho Fiston alikijua mwaka ule kuliko sala, ni hicho. Alikitetea mbele ya bugali jioni baada ya jioni.

Walipokuja, kocha alimwita kando. Mimi nilisimama hatua kumi. Dieumerci alisimama nyuma ya kocha, midomo tayari, ili asome miezi naye. Kocha akamuuliza, mtu anateleza, goti chini, hakuna aliyemgusa. Sheria ya chuo. Inakuwaje?

Fiston alitabasamu. Nilimwona akitabasamu kama mtu aliyeulizwa jina lake, na nikaanza kuogopa kwamba ataweza. Halafu tabasamu likabaki peke yake usoni, bila kitu nyuma yake. Akaangalia miguu yake. Akasema, "Anaamka." Akasema, "Hapana. Ngoja." Akamtafuta Dieumerci kwa macho, na Dieumerci, lazima niseme haki, aliangalia chini. "Ngoja, kocha, naijua hii," Fiston alisema. "Naijua." Akashika kofia kwa mikono miwili akiisubiri imwambie. Kocha alingoja. Alingoja sana, na hakuna adhabu niliyowahi kuona iliyo kubwa kama kungoja kule. Mwishoni aliichukua kofia mikononi mwake, polepole, akaiweka chini pamoja na zingine.

Dieumerci alinijia usoni. "Ni weye! Umemuuza bwana yako mbele ya watu! Mwanamke gani wewe?" Nilimwambia, "Yule aliyemwita. Nilimwita siku ile akakosa kusikia, na leo namwita tena. Sema unavyotaka." Sijui kama alielewa. Aliondoka kwetu wiki ile, na godoro lake, na pazia akaliacha. Fiston hakuniambia neno kwa siku kumi na tisa. Alikula nilichopika, alimbeba mtoto, alipita kando yangu kama kando ya kabati. Nilivumilia. Kila siku ya kimya chake nilisikia anapumua, na hiyo ilinitosha. Siku ya ishirini alisimama mlangoni mwa jikoni nikiwa napepeta mchele, akasema, "Goti likigusa, amekufa. Hata kama hajaguswa." Akasema tena, taratibu. Nikasema, "Ndiyo." Akasema, "Nilikuwa naijua." Nikasema, "Najua ulikuwa unaijua." Akakaa chini palepale kwenye sakafu. Mimi niliendelea na mchele kwa sababu sikujua kingine cha kufanya na mikono.

Hakucheza tena. Kichwa kiliacha kuuma kabla ya Krismasi, na skrubu zikarudi mahali pake. Watu wananiambia basi, mama, alipona, unaogopa nini? Hawakai naye. Hawamwoni anaposimama katikati ya chumba, mkono kwenye swichi, na hajui kama alikuwa anawasha au anazima. Kila mtu husahau, najua. Mimi mwenyewe juzi nilitafuta simu nikiwa naongea nayo. Lakini mimi sikukaa kwenye nyasi nikaambiwa amekufa kuhusu mtu mwingine yeyote. Basi huwa namuuliza vitu vidogo, nikijifanya nimesahau mimi. Jirani mpya anaitwa nani. Gesi tulinunua lini. Anajua kwa nini nauliza. Siku zingine anajibu kwa hasira, siku zingine ananijibu kabla sijamaliza.

Leo asubuhi, akifunga viatu aende dukani, nilimuuliza gari la takataka linapita siku gani. "Jumatano, Mama Neema. Leo." Akainuka, akachukua mfuko mweusi, akanitazama. "Na kesho uniulize kitu kigumu." Akashuka ngazi. Nilimsikia mpaka ghorofa ya kwanza. Halafu nikachukua simu, nikaangalia. Ilikuwa Jumatano.